Nukleoli si kiwanda cha ribosomu tu

Kila kundi la wanafunzi linalokuja maabara kwetu Arusha kwa mafunzo kwa vitendo huja na jibu lile lile, na walimu wa baiolojia wa Moshi nao hunijibu vivyo hivyo: kazi ya nukleoli, kile kidutu kizito kilicho ndani ya kiini cha seli, ni kutengeneza ribosomu, yaani mashine ndogo za seli zinazounda protini. Wakishasema hivyo wanafunga daftari. Nimechoka kulisikia jibu hili, maana lina ukweli wa kutosha kumfanya mtu asiulize zaidi.

Ribosomu zinaanzia pale, hilo halina ubishi. Mwaka 1934 Barbara McClintock alionyesha kwamba nukleoli ya mahindi hujengwa mahali maalumu kwenye kromosomu ya 6. Leo tunajua kwamba mahali hapo pamerundikana nakala nyingi za jeni za RNA ya ribosomu (RNA ni molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA jeni inapofanya kazi). Sasa fikirini: kipande kile cha kromosomu kikishikwa na nukleoli, sehemu nyingine yote ya kromosomu hiyo, pamoja na jeni zake, inakaa wapi? Haielei ovyo ndani ya kiini. Ina mahali pake, na nukleoli ni mojawapo ya vitu vinavyoamua mahali hapo.

Chukueni Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumiwa na maabara nyingi duniani. Una jozi 5 za kromosomu, na jeni zake za RNA ya ribosomu zimejipanga karibu na ncha za kromosomu ya 2 na ya 4. Seli isipokuwa katika mgawanyiko, telomeri, yaani ncha za kromosomu, za kromosomu zote, hata zile zisizo na jeni hizo, hukusanyika kuizunguka nukleoli, huku sentromeri, yaani viuno vya kromosomu, zikikaa pembezoni mwa kiini. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi ambayo walitenga nukleoli za mmea huu na kusoma DNA iliyoambatana nazo. Walikuta maeneo yaliyo jirani na telomeri, mkono mfupi wa kromosomu ya 4, na jeni nyingi zilizozimwa. Mkono huo kuwepo kunaeleweka: katika majani, rundo la jeni za RNA ya ribosomu lililo kwenye kromosomu ya 4 ndilo linalofanya kazi, la kromosomu ya 2 limezimwa. Mmea ukikosa nukleolini, mojawapo ya protini za nukleoli, mpangilio huo unavurugika na telomeri zinafupika. Anayeshikilia kwamba pale ni ribosomu tu anieleze telomeri zinafupika kwa nini.

Ila msiibandike picha hiyo kwenye kila mmea. Ngano, kama ile inayolimwa Monduli na West Kilimanjaro, hupanga telomeri upande mmoja wa kiini na sentromeri upande wa pili. Someni mmea mnaoufanyia kazi.

Dhana ya pili naisikia kwa wanaozalisha mbegu: kwamba jeni za ribosomu za mzazi mmoja zikinyamaza kwenye chotara, zimepotea. Hazijapotea. Katika ngano ya mkate, nukleoli hujengwa hasa na kromosomu za 1B na 6B (herufi huonyesha mzazi wa kale ambako kromosomu ilitoka), na rundo la 5D hunyamazishwa nazo ingawa lipo. Kinachozima nakala hizo ni alama za kemikali juu ya DNA na juu ya histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa. Kwenye chotara za jamii ya kabichi, dawa zinazozuia alama hizo ziliziamsha tena jeni za mzazi aliyenyamazishwa. Kahawa yetu ya arabika nayo ni mseto wa kale wa spishi mbili, Coffea canephora na Coffea eugenioides, kwa hiyo anayeishughulikia asiniletee kipimo cha DNA peke yake kama ushahidi kwamba jeni inafanya kazi. Pimeni RNA. Nawasihi kila mwaka.

Dhana ya tatu ni kwamba nukleoli ina utando wake: haina. Protini na RNA zake hujikusanya na kujitenga na majimaji mengine ya kiini kama tone la mafuta juu ya mchuzi, na molekuli huingia na kutoka muda wote.

Dhana ya nne ni kwamba kila seli ina nukleoli moja ya kudumu: si kweli. Huyeyuka seli inapoanza kugawanyika, hujengwa upya mwishoni, na mara nyingi huanza kadhaa kisha zikaungana. Otesheni mizizi ya kitunguu cha Mang'ola, kateni milimita 2 za ncha, mtie rangi ya nitrati ya fedha badala ya rangi iliyozoeleka ya kromosomu. Fedha hushika protini za nukleoli, na kwenye kromosomu zinazogawanyika hushika yale marundo ya jeni yaliyokuwa yakifanya kazi kabla ya mgawanyiko. Yaliyozimwa hayashiki rangi. Hesabuni nukleoli katika seli nyingi za slaidi moja, na kila hesabu iandikwe peke yake. Msiniletee wastani.