Depistaji ya afya ya akili kwa watoto: maana yake, na pale tunapoikosea

"Nusu ya watoto wa Goma ni wagonjwa wa akili, utafiti umeonyesha." Sentensi hii inasemwa radioni, inasemwa kwenye mikutano ya mashirika, inasemwa kanisani, na sasa kuna walimu wanaoitamka mbele ya darasa lenyewe. Wanaoisema wanawapenda watoto na wanataka wasaidiwe. Hilo silitilii shaka hata kidogo. Lakini ukiitafuta ripoti inayotajwa, mara nyingi utakuta haikuandika "wagonjwa". Imeandika kwamba watoto kadhaa katika kila 100 "walionyesha dalili" au "walivuka kiwango" kwenye dodoso, yaani karatasi ya maswali. Hiyo ni depistaji, na depistaji haimpi mtoto ugonjwa wala haimwondolei.

Maana yake ni fupi. Depistaji ni kuwapitisha watu wengi kwenye maswali machache, ili kuwatenga wanaostahili kuangaliwa kwa karibu na wale ambao kwa sasa huenda hawahitaji. Utambuzi wa ugonjwa ni kazi nyingine. Huko daktari wa akili au mwanasaikolojia aliyesomea anakaa na mtoto, anamsikiliza na mzazi, anauliza jambo lilianza lini, linarudi mara ngapi, linamzuia mtoto kufanya nini, anaangalia kama kuna sababu nyingine, ndipo anataja jina la ugonjwa au anasema hakuna. Ya kwanza inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyefundishwa kusoma maswali vizuri na kuandika majibu. Ya pili haiwezi.

Neno depistaji tumelizoea kupitia VVU na kifua kikuu, na naona kosa linaanzia hapo. Ukienda kituo cha afya cha Ndosho au Katindo kupimwa VVU, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo na jibu lako. Basi tumejifunza kwamba depistaji ni jibu. Kinachosahaulika ni kwamba hata huko, kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, utaratibu unamtaka mhudumu afanye kipimo kingine cha aina tofauti kabla ya kukwambia kwamba umeambukizwa. Katika afya ya akili hicho cha pili ni yale mazungumzo na mtaalamu. Kwenye tafiti nyingi hakifanyiki, kwa kuwa watoto wanaohojiwa ni mamia na wataalamu wa kuwaangalia wote hawapo. Utafiti unaishia kwenye kipimo cha kwanza. Watafiti wenyewe kwa kawaida wanalisema wazi, kule mwishoni wanapoeleza mapungufu ya kazi yao. Sisi tunasoma ukurasa wa kwanza na kukimbilia kipaza sauti.

Tuingie ndani ya dodoso moja, maana hapo ndipo jambo linaonekana vizuri. Mojawapo ya yanayotumika sana kwa watoto duniani linaitwa SDQ, na lilichapishwa mwaka 1997 na Robert Goodman, daktari wa akili wa watoto kule London. Lina sentensi 25. Mzazi au mwalimu anasoma kila moja na kujibu kama si kweli, ni kweli kiasi, au ni kweli kabisa. Kijana wa miaka 11 na zaidi anaweza kujijibia mwenyewe. Sentensi 20 zinahusu shida, kila moja ina alama 0 hadi 2, na jumla inakwenda mpaka 40. Zile 5 zilizobaki zinahusu wema kwa wengine na haziingii kwenye jumla hiyo.

Sasa mstari wa alama za juu, ule ambao mtoto akiufikia anahesabiwa kuwa amevuka, uko wapi? Mzazi akijibu, uko kwenye 17. Mwalimu akijibu, 16. Kijana akijijibia, 20. Mtoto ni yule yule, mistari ni mitatu, na mara nyingi majibu ya mama na ya mwalimu hayafanani. Zaidi ya hayo, mistari yenyewe haikupatikana kwa kupima ugonjwa. Goodman aliangalia watoto wa Uingereza akachagua mahali ambapo takriban 10 kati ya kila 100 wangeangukia juu kabisa, na wengine 10 hivi wangekuwa katikati. Kwa hiyo ripoti ikisema watoto 30 kati ya 100 wa Bukavu wamevuka mstari huo, maana yake ni kwamba wanaouvuka ni mara tatu ya kiasi kilichotarajiwa kule mstari ulikochorwa. Ni habari nzito na inastahili kusemwa kwa sauti. Haisemi kwamba watoto 30 wamepatikana na ugonjwa.

Soma pia sentensi zenyewe. Moja inauliza kama mtoto hulalamika mara kwa mara kuumwa kichwa au tumbo. Mtoto wa Mugunga anayekunywa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa na kuugua malaria kila msimu atapata alama 2 hapo kabla hatujagusa akili yake. Nyingine inauliza kama ana hofu nyingi na hushtuka upesi. Katika mtaa ambao risasi zinasikika usiku, mtoto anayeshtuka upesi ameelewa vizuri mahali anapoishi. Dodoso haliwezi kutofautisha hofu inayomlinda na hofu iliyobaki ikimtesa hata akiwa salama. Mtu anaweza, akikaa naye na kumuuliza.

Kuna na hesabu, na hesabu hii ningependa kila mtangazaji aipitie mara moja na kalamu mkononi. Tuseme, kwa mfano tu, tuna watoto 1,000, na 100 kati yao wana ugonjwa kweli. Tuseme dodoso letu ni zuri: linawakamata wagonjwa 80 katika kila 100, na linawaacha wazima 80 katika kila 100 bila kuwagusa. Kati ya wagonjwa 100 litakamata 80. Kati ya wazima 900 litakamata kimakosa 180. Jumla ya waliovuka mstari ni 260. Ripoti itaandika "asilimia 26", redio itatangaza kwamba zaidi ya robo ya watoto ni wagonjwa, na kumbe wengi wa hao 260 si wagonjwa. Wakati huo huo wale 20 waliokosekana wanaambiwa hawana shida, wanarudi nyumbani nayo. Dodoso hilo halikufanya kosa lolote. Lilifanya kazi yake ya kupunguza watoto 1,000 mpaka 260 wanaostahili kuonwa. Kosa ni kuisoma 260 kama mwisho wa safari.

Muda nao una uzito wake. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikaendelea kutikisika siku nyingi, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mtu angepita na dodoso wiki ile angekuta karibu kila mtoto hapati usingizi, anaota moto, hataki kumwachia mama yake. Hayo ni mateso ya kweli. Lakini msongo baada ya kiwewe, ule ambao vitabu vya madaktari vinautambua kama ugonjwa, una masharti. Kitabu cha Marekani kinataka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Kile cha Shirika la Afya Duniani kilichoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022 kinataka ziwepo kwa wiki kadhaa, zikiharibu maisha ya mtu nyumbani, shuleni au kati ya wenzake. Watoto wengi hutulia taratibu wakiwa na mzazi, chakula na mahali pa kulala. Wachache hawatulii, na hao ndio tunaowatafuta.

Na mahali. Kabla mapigano ya mwisho wa Januari 2025 hayajafika mjini Goma, tafiti zilikuwa rahisi kufanyika kwenye kambi za waliokimbia vita, Bulengo au Kanyaruchinya, kwa sababu watu walikuwa pamoja. Utafiti wa watoto wa kambi ni utafiti wa watoto wa kambi. Kituo kinachopokea wavulana waliotoka kwenye makundi yenye silaha kikitoa takwimu, takwimu ni ya wavulana hao. Ukiibeba ukasema "watoto wa Kivu", umemchukua mtoto wa mtaa wa Himbi mjini Goma anayeenda shule kila siku ukampa maisha ya mwenzake.

Ipo "nusu" moja mashuhuri kweli, na inafaa kujulikana. Mwaka 2010 Kirsten Johnson na wenzake walichapisha utafiti wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri: asilimia 50.1 ya waliohojiwa walitimiza vigezo vya dalili za msongo baada ya kiwewe, na asilimia 40.5 vya dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Waliohojiwa walikuwa 998, wote watu wazima. Watafiti wenyewe walichagua maneno kwa uangalifu, "vigezo vya dalili". Ukiinukuu nusu hiyo kuhusu watoto umekosea mara mbili kwa pumzi moja: umebadilisha umri, na umebadilisha dalili kuwa ugonjwa.

Weka kando yake makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kwa watu wanaoishi kwenye maeneo ya vita. Hayo yanakadiria magonjwa, na yanasema ni asilimia 22.1, yaani mtu mmoja kati ya watano au zaidi kidogo. Yamegawanywa hivi: 13 wana hali nyepesi, 4 ya kati, 5.1 kali. Hiyo 5.1 inanishika kuliko namba nyingine zote. Katika mtaa wa watu 1,000 ni watu 51 wenye hali kali, wanaohitaji daktari na pengine dawa. Tukipiga kelele kwamba wote ni wagonjwa, hao 51 wanapotea katikati ya kelele. Vituo vya matibabu ya akili, Tulizo Letu hapa Goma na SOSAME kule Bukavu, haviwezi kupokea mji mzima, na havikujengwa kwa ajili hiyo.

Kuna upande wa pili pia, watu wanaosikia maelezo haya wakahitimisha kwamba madodoso ni mchezo wa mashirika na watoto hawana kitu. Hapana. Mtoto aliyevuka mstari mara nyingi anateseka hata kama mateso yake hayana jina la kitabuni, na walio wagonjwa kweli wanatibika. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wasichana 52 wa Kongo wenye miaka 12 hadi 17, waliopitia vita na unyanyasaji wa kingono. Kundi moja lilianza tiba ya mazungumzo mara moja, jingine likasubiri zamu yake, na waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri. Kulikuwa na kundi la kusubiri kwa sababu ile ile tuliyoiona kuhusu volkano: alama za juu huwa zinashuka zenyewe kwa baadhi ya watoto, na bila wa kulinganisha nao huwezi kujua kama ni tiba iliyofanya kazi au ni siku zilizopita.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto mwenyewe. Akisikia kwa mwalimu kwamba yeye na wenzake ni wagonjwa wa akili, anaamini. Mzazi akisikia, mwingine anamficha, mwingine anampeleka chumba cha maombi afungishwe kula, na mtoto anarudi amekonda na hofu mpya juu ya ile ya zamani.

Kwa hiyo, mwalimu, na wewe ndugu mtangazaji, na wewe unayeandaa ripoti ya shirika, ombi langu ni dogo. Badala ya "nusu ya watoto wetu ni wagonjwa", sema: "Kati ya watoto 100 waliohojiwa mahali fulani, mwezi fulani, 50 walipata alama za juu kwenye dodoso. Wanahitaji mtu wa kukaa nao ili ijulikane nani anahitaji matibabu na nani anahitaji usalama, chakula na kurudi shuleni." Ni ndefu kidogo, lakini inaingia kwenye taarifa ya habari bila shida. Na mkiwa na nafasi ya swali moja kwa aliyeleta ripoti, muulizeni hili: baada ya dodoso, hao 50 waliangaliwa na nani?