Je, wajua kompyuta za mtandao wa Bitcoin huhesabiwaje, ilhali hakuna anayezisajili?

Waulize watu wawili wanaofuatilia Bitcoin, sarafu ya kidijitali, mtandao wake una kompyuta ngapi. Wa kwanza anaweza kukutajia hesabu fulani, na wa pili akakutajia mara kadhaa ya hiyo, na bado wote wakawa wamesema kweli. Kila mmoja amehesabu kitu chake.

Mtandao huu ulioanza Januari 2009 hauna makao makuu wala daftari la wanachama. Kompyuta inayoendesha programu yake, yaani nodi, hujiunga bila kuomba ruhusa na huondoka bila kuaga. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu hana budi kuuliza majirani. Kila nodi hutunza anwani za nodi nyingine, maana bila hizo ingezimwa leo na kesho isijue pa kurudi. Programu ya kuhesabu hubisha hodi kwenye nodi moja, kwa kawaida kupitia mlango namba 8333, husalimiana nayo, kisha huitumia ujumbe uitwao getaddr, maana yake: nipe anwani unazozijua. Hujibiwa kwa anwani zisizozidi 1,000. Huziendea hizo nazo, huuliza swali lilelile, na huendelea hivyo mpaka majibu yasilete jipya. Anwani nyingi huwa ni za nodi zilizokwisha kuzimwa, hivyo zinazohesabiwa ni zile tu zilizoitikia.

Nodi yenyewe haimwagi yote inayoyajua. Programu ya Bitcoin Core, inayotumiwa na nodi nyingi, hutoa si zaidi ya asilimia 23 ya anwani ilizonazo, na kwa takriban siku nzima humrudishia kila anayeuliza jibu lilelile. Nadhani ni tahadhari ya busara: anayejua nani ameunganishwa na nani hupata njia rahisi ya kuwatenga baadhi yao.

Hata hivyo, ugumu mkubwa uko kwa nodi zisizofungua mlango. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta mara nyingi huweza kuwaendea wengine, lakini wengine hawawezi kuiendea. Ukiibishia hodi haiitikii, ingawa inafanya kazi yake kama kawaida. Hizi ndizo nyingi zaidi, na hukadiriwa kwa hesabu.

Nodi ya Bitcoin Core kwa kawaida huanzisha miunganisho 10 kwenda kwa wenzake wenye milango wazi: 8 ya kupokea miamala na bloku (mafungu ya miamala iliyothibitishwa), 2 ya bloku peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, milango iliyo wazi ni 10,000, na nodi yako yenye mlango wazi imepokea wageni 50. Ikiwa wenzako nao wamepata wageni idadi hiyo, miunganisho yote ni 500,000. Gawanya kwa 10, unapata nodi 50,000, mara tano ya zile zinazoonekana. Kasoro yake ni kwamba miongoni mwa wageni hao 50 wamo pia wahesabuji wenyewe na wapelelezi, wanaojiunganisha na kila nodi waionayo. Usipowaondoa, makadirio yanavimba.

Kujua nodi ziko nchi gani ni kazi yenye mitego zaidi. Mhesabuji huchukua anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti, na kuitafuta kwenye kanzidata inayooanisha anwani na mahali. Kanzidata hizo hukisia. Mwaka 2016 iligundulika kwamba moja inayotumika sana, ya MaxMind, ilikuwa imeelekeza anwani zaidi ya milioni 600 kwenye shamba moja la Kansas, Marekani. Zilikuwa anwani zilizojulikana kuwa za Marekani tu, bila mji, nazo zikawekwa karibu na katikati ya nchi. Tena, nodi iliyokodishiwa nafasi kwenye kituo cha data huhesabiwa ilipo seva, hata kama mwenye nayo anaishi bara jingine. Na kompyuta moja inaweza kuwa na anwani ya IPv4, ya IPv6 (aina mbili za anwani za IP) na ya Tor (mtandao unaoficha mtumiaji alipo) kwa pamoja, ikahesabiwa mara tatu.

Tor ndiyo inayovuruga ramani kuliko yote. Anwani yake imeundwa isionyeshe nodi iko wapi, na sehemu kubwa ya nodi zinazoitikia siku hizi hupatikana kwa njia hiyo. Hivyo ukisoma kwamba nchi fulani ina asilimia kadhaa ya nodi, angalia kwanza kama zile za Tor zimeingizwa kwenye jumla au zimeachwa nje.