Mwendesha mashtaka hakuajiriwa ili watu wafungwe

Mshtakiwa akiachiwa huru, mitaani utasikia: "Serikali imeshindwa kesi." Maneno hayo yamebeba imani ya siku nyingi kwamba wakili wa serikali yupo mahakamani kuhakikisha mtu anaingia gerezani, kama timu inayosaka ushindi.

Sivyo. Ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania, iliyoanzisha ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, mkuu wa mawakili hao, inamtaka aongozwe na nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Humo hutakuta hesabu ya waliofungwa. Ibara ya 157 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakaribiana nayo sana.

Uzito wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko kwenye jalada kabla ya kesi kusikilizwa. Polisi wameleta maelezo ya mashahidi. Mmoja anasema mtuhumiwa hakuwepo. Wakili akiyaficha maelezo hayo, huenda akapata hukumu anayoitaka, lakini mtu asiye na hatia atalala gerezani na mkosaji atabaki mtaani. Kenya, Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.

Ushahidi ukiwa hautoshi, kuiondoa kesi si udhaifu. Kenya hilo linahitaji ruhusa ya mahakama. Tanzania ni mamlaka ya Mkurugenzi mwenyewe, na mtu aliyeachiwa hivyo anaweza kushtakiwa tena ushahidi ukipatikana.