Monsuni ni upepo, si mvua

Masika yakianza tu, utasikia watu wakisema "mvua za monsuni zimefika". Monsuni ni upepo: pepo za msimu zinazogeuza mwelekeo wake mara mbili kwa mwaka. Huku magharibi mwa Bahari ya Hindi tunazo kwa majina yetu wenyewe. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki, takriban Mei hadi Septemba. Katikati ni tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo.

Nadhani kosa hili limetoka India, ambako upepo na mvua huja pamoja. Kusi yetu ikishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kulia, ikaingia India kutoka kusini-magharibi imejaa mvuke wa baharini, na mvua humwagika kuanzia Juni. Kwetu sisi, Julai, upepo huohuo ukiwa na nguvu zake zote, hupita karibu sambamba na pwani ukaenda zake, ukituachia manyunyu ya mchoo.

Mvua zetu kubwa hufuata ukanda ambao pepo za kaskazini na kusini mwa dunia hukutana. Ukanda huo hulifuata jua: ukipanda kaskazini huleta masika, ukishuka kusini huleta vuli. Ndiyo maana kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam mvua nyingi hunyesha pepo zinapopokezana zamu. Lakini Mtwara na Lindi msimu wa mvua ni mmoja, nao huangukia kwenye kaskazi, maana wakati huo ukanda umeshuka kusini. Upepo ni uleule, Lamu kukavu, Mtwara kunanyesha. Utauitaje huo mvua?

Mabaharia hawakuchanganya mambo haya. Majahazi ya Arabuni na Gujarat yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikianza, akafika Calicut, India, kwa muda usiozidi mwezi. Kurudi aling'oa nanga Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawa, akahangaika baharini karibu miezi mitatu. Hata mkondo wa bahari wa Somalia hugeuka: kusi huusukuma kaskazini, kaskazi huurudisha kusini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, za Aprili ziiteni masika na za Novemba vuli. Na mtu akisema monsuni, mwulizeni kwa upole inavuma kutoka upande gani.