Je, wajua kwa nini ua hili la manjano lilisingiziwa kuvunja mifupa ya kondoo?

Kwenye vinamasi vya Uskoti, Ayalandi na magharibi mwa Norwe, Julai ikifika huchanua ua ambalo Wanorwe huliita rome. Ni fupi, kwa kawaida halipiti goti, lakini liinamie ulitazame vizuri: petali sita za manjano zilizotandazwa kama nyota, na katikati vijiti vya chavua vilivyojaa manyoya ya manjano, ncha zake zikiwa na rangi ya machungwa iliyokoza. Baridi ikija majani hufa, ila shina linalotambaa ndani ya matope hubaki hai na kuchipua tena mwaka unaofuata.

Jina lake la kitaalamu ni Narthecium ossifragum, yaani kivunja mifupa. Wafugaji wa zamani waliona kondoo wanaolishwa karibu na ua hili wakivunjika miguu ovyo, basi lawama zote wakalitupia.

Walilionea. Vinamasi vya namna hiyo hutegemea zaidi maji ya mvua, ambayo hayana madini ya kutosha, na udongo wake ni wa tindikali wenye kalsiamu kidogo mno. Kondoo hushiba, lakini mifupa yake haipati cha kuikaza. Rome nalo hustawi papo hapo penye upungufu, ndiyo maana kila kondoo alipoumia lilikuwapo. Mfugaji wa kwetu anayepeleka mifugo yake kulamba magadi hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, ua hili lina kosa lake jingine, na hilo ni la kweli. Lina kemikali ziitwazo saponini, ambazo wataalamu huzihusisha na kuharibika kwa ini la kondoo. Mnyama anapomeng'enya majani mabichi, rangi yake ya kijani huvunjwavunjwa tumboni na kuacha kemikali iitwayo filoerithrini. Ini lenye afya huitoa kupitia nyongo. Ini likiumia, kemikali hiyo huingia kwenye damu mpaka kwenye ngozi, na jua likipiga, ngozi inaungua. Masikio na uso huvimba, kisha ngozi hukakamaa na kubanduka. Norwe ugonjwa huu huitwa alveld, na wanaoteseka zaidi ni wanakondoo. Ng'ombe wakilila, kinachodhurika zaidi ni figo.

Mfugaji akiona dalili hizo, kwanza humtoa mnyama kwenye malisho hayo na kumweka kivulini.