"Lukewarm" na "tepid": joto lisiloridhisha

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "The plan got lukewarm support." Mfasiri mwenye haraka anafungua kamusi, anakuta "lukewarm" ni vuguvugu, anaandika: "Mpango huo ulipata vuguvugu la kuungwa mkono." Msomaji wa Kiswahili akifika hapo anaona watu wamefurika barabarani na mabango. Mwenye sentensi alikusudia kinyume chake: watu waliitikia tu, hakuna aliyechangamka.

Tuanze na maji. "Lukewarm" na "tepid" yote mawili hutaja maji ambayo ukitia kidole hushtuki. Mzazi anayepima maziwa ya chupa hudondosha matone mawili upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Asipohisi moto wala baridi, hapo ndipo penyewe. Ni joto linalokaribiana na la mwili, nyuzi 37 za Selsiasi au pungufu kidogo.

"Luke" ya hapo haihusiani na Luka wa Injili, ingawa tahajia ni ileile. Katika Kiingereza cha karne ya 14 "luke" peke yake lilikuwa na maana ya vuguvugu, na baadaye likabaki limeng'ang'ania "warm" kama kupe. "Tepid" limetoka Kilatini, "tepidus". Warumi walikuwa na chumba kizima cha joto hilo katika mabafu yao, "tepidarium", na mtu alikaa humo kwa raha zake. Joto la kadiri, kwa hiyo, halina ubaya wowote lenyewe. Daktari akiandika "tepid water" hamtukani mtu.

Ubaya unaingia pale tulipotarajia moto. Kiingereza hupima hisia kwa joto: "warm welcome" ni mapokezi mazuri ya moyo mkunjufu. Ongeza silabi moja tu, "lukewarm welcome", na mgeni anajua hakutakiwa sana. Neno halisemi kwamba alichukiwa. Linasema hakuna aliyejali kiasi cha kumchukia, na nadhani hilo ndilo linalouma.

Mfano maarufu kuliko yote umo katika Ufunuo wa Yohana 3:16, katika barua kwa kanisa la Laodikia. Biblia ya Kiingereza ya wafuasi wa Wycliffe, mwishoni mwa karne ya 14, ilitumia "lew". Ile ya mwaka 1611 ikaandika "lukewarm". Yetu inasema: "Basi, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika utoke katika kinywa changu." Magofu ya Laodikia yako Uturuki ya leo, karibu na chemchemi za maji moto za Hierapolis, na wafafanuzi wengi huona kwamba picha ya maji haikuchaguliwa ovyo: ya moto yana kazi yake, ya baridi yana yake, hayo ya katikati yanatia kichefuchefu. Kiingereza kimeenda mbali zaidi hadi kuwa na neno "Laodicean", mtu asiye na msimamo mkali wa dini wala wa siasa. Mwaka 2009 ndilo lililoamua mshindi wa mashindano ya kitaifa ya tahajia nchini Marekani.

Je, maneno haya mawili yanabadilishana? Si kila mahali. Mtu anaweza kuwa "lukewarm" kuhusu wazo fulani. Ukimwita "tepid" kuhusu wazo hilo, sikio la Mwingereza linakwaruzika. "Tepid" hupenda kukaa kwenye kitu kilichotoka kwa watu: makofi, hotuba, uhakiki, hata ukuaji wa uchumi. Juhudi za kiulegevu zina neno lao, "half-hearted". Na ukisikia mapokezi yalikuwa "cool", ujue yameshuka chini ya uvuguvugu, kuna kinyongo ndani yake. (Vijana wakisema kitu ni "cool" wanakisifu. Lugha haina haya.)

Kiswahili nacho hupima hisia kwa joto, ila kinaangalia joto linakoelekea. Chai iliyokaa imepoa, maji yaliyo jikoni yanapata moto. Kwenye kipimajoto huenda vikalingana, lakini hatuviiti sawa. Ndiyo maana mtu aliyepoteza uchangamfu huulizwa, "Mbona umepoa?" Vuguvugu, likitoka kwenye maji na Maandiko, limechukua njia ya kupanda: vuguvugu la mageuzi, vuguvugu la uchaguzi, vuguvugu la mwaka 2011 katika nchi za Kiarabu. Ni joto linaloelekea kuchemka. "Lukewarm" halina mwelekeo, limekaa tu.

Kwa hiyo tafsiri hutegemea nani amepoa na kwa nini. Makofi yanaweza kuwa ya kivivu, mapokezi yakawa yamepooza, mchezo ukawa umedoda. Wengi hukimbilia "shingo upande", nami nimewahi, lakini msemo huo una mtu asiyetaka anayelazimika kukubali. Mtu aliye "lukewarm" hajalazimishwa na yeyote. Hana ari tu. Ile sentensi ya mwanzo ningeiandika hivi: "Waliuunga mkono mpango huo, ila bila hamasa."