Salme: jina la nadra, wala si Salma lililokosewa

Mwenye jina hili huanza kulitetea mapema. Kadi ya kliniki humwandika Salma, mwalimu wa darasa la kwanza humwita Salma, na siku ya kuchukua cheti cha kuzaliwa karani humrekebisha mzazi kwa nia njema kabisa, akidhani kalamu ya hospitali iliteleza. Wengine huchoka wakakubali yaishe. Sisi tunaofanya kazi ya kumbukumbu na makumbusho tunaona hilo ni hasara, kwa sababu e ile ya mwisho ndiyo iliyobeba historia ya jina lenyewe.

Tuanze na maana, ambayo haina utata. Mzizi ni wa Kiarabu, zile herufi tatu za sin, lam na mim zilizotupa salama, salamu, kusalimika na Uislamu wenyewe, pamoja na majina ya Salim, Salum na Salama. Kwa upande wa wanawake mzizi huo ulizaa majina mawili yaliyo jirani mno, Salma na Salima. Salma ni la kale kuliko Uislamu. Salma binti Amr, wa ukoo wa Banu Najjar wa Yathrib (Madina ya leo), aliolewa na Hashim akamzaa Abdul Muttalib, babu yake Mtume Muhammad (S.A.W.). Ni jina la mlima pia, kule Hail kaskazini mwa Bara Arabu. Salima maana yake ni aliye salama, mzima, aliyeepushwa na shari. Mzazi anayemwita bintiye hivyo anamwombea dua kila anapomwita.

Sasa hiyo e imetoka wapi? Imetoka kinywani mwa Waarabu wa Oman waliohamia Unguja. Katika lahaja yao, irabu ya mwisho ya majina mengi ya kike haikutamkwa a iliyo wazi. Iliinuliwa ikawa karibu na e. Jambo hili wanalijua wasomi wa Kiarabu, na wanaosoma Qurani kwa visomo vya Hamza na Al-Kisai wanakijua kinachoitwa imala, yaani kuielemeza a kuelekea i. Mwaka 1894 Mjerumani Carl Reinhardt alichapisha kitabu kizima cha sarufi ya Kiarabu kilichokuwa kikisemwa Oman na Unguja, na mwisho huo wa e umejaa humo. Kwa hiyo jina lililoandikwa Salima kwa herufi za Kiarabu lilitoka mdomoni likiwa Salme: i ya katikati imemezwa, a ya mwisho imeinuka.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Sikio letu lilizoea kulipokea jina la kike la Kiarabu na kulimalizia kwa a: Fatma, Zuhura, Rukia, Salma. Ndiyo sababu Salme likatajwa mbele ya Mswahili huonekana limekatika au limekosewa, ilhali limehifadhi matamshi ya nyumba za Waomani wa Unguja wa karne ya 19 kuliko majina mengi tuliyo nayo leo.

Aliyelifanya lijulikane ni mtu mmoja. Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Beit al-Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji wa Unguja, njia ya Bububu. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkezi huko Kaukazi, aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Qurani lakini hawakufundishwa kuandika. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakuridhika. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe, maana huo ndio uliokuwa ubao wa watoto wa kasri. Naomba wasichana wote wenye jina hili waelezwe habari ya mfupa huo hata kama hawataelezwa kingine chochote.

Kujua kuandika ndiko kulikomwingiza katika siasa. Baba yake alifariki 1856, nduguye Majid akatawala Zanzibar, na mwaka 1859 nduguye mwingine, Barghash, akajaribu kumpindua. Salme, akiwa na miaka 15, aliburutwa na dada yake mpendwa Khole upande wa Barghash, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama. Jaribio lilishindikana, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki ametengwa na nusu ya ukoo wake. Miaka michache baadaye, akiwa anaishi mjini, alipendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Agosti 1866, akiwa mjamzito, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa akapewa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa.

Hapa ndipo jina linapofanya kazi ambayo wengi hawaizingatii. Kwa sheria na kwa kanisa aliishakuwa Emily Ruete. Lakini watoto watatu aliowalea Ujerumani kila mmoja alipewa jina la pili la kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Mumewe aligongwa na tramu mwaka 1870 akafariki, naye akabaki mjane wa kigeni na watoto wachanga katika mji wa baridi. Alipochapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, jina lake la kuzaliwa lilibaki humo kama Salme. Angeweza kuandika Salma au Salima. Aliandika Salme, na ndani ya kitabu humohumo dada yake Khaula, ndiye yule Khole wa njama, ni Chole na dada mwingine ni Metle, yaani aliandika alivyowasikia wakiitwa nyumbani. Vitabu vya Kiarabu huko Oman humwita Sayyida Salima binti Said. Ni jina lilelile. Wao wanafuata maandishi, yeye alifuata sauti.

Alirudi kuitazama Unguja 1885, Barghash akiwa sasa ndiye Sultani, wala ndugu huyo hakumpokea. Alirudi tena 1888, Barghash akiwa ameshafariki. Akaishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena, Ujerumani, mwezi Februari 1924, akazikwa Hamburg. Mjini Unguja kasri la zamani la masultani lilipogeuzwa makumbusho lilitengewa chumba kwa ajili yake, na magofu ya Beit al-Mtoni bado yamesimama.

Kuna jambo ambalo elimu kwa umma haipaswi kulifunika. Salme alikulia katika nyumba iliyotumikiwa na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa huo na kuwaandika Waafrika weusi kwa maneno ya dharau. Hamburg iliwahi kuuita uwanja mmoja kwa jina lake mwaka 2019, kisha baraza la wilaya likaamua jina liondolewe kwa sababu hiyohiyo. Mimi naona mzazi anayempenda Sayyida Salme kwa ujasiri wake wa kujifunza kuandika ana haki ya kumpenda, mradi amweleze binti yake habari yote. Tukumbuke vilevile kwamba mama wa huyo aliyeutetea utumwa alinunuliwa kwa fedha.

Tukitoka kwetu, jina lenyewe linajitokeza mahali pasipotarajiwa. Estonia na Ufini nako kuna akina Salme, na hawakulipata kwetu. Kwa Waestonia jina limetoka kwenye nyimbo za jadi: mjane aliokota kifaranga wa kuku, yai la ndege wa porini na kinda la kunguru, akavitunza, kifaranga akawa msichana aitwaye Salme, yai likawa mwenzake Linda. Wachumba wa Salme walikuwa Mwezi, Jua na Nyota. Aliwakataa wawili wa kwanza, akaolewa na Nyota. Hadithi hiyo iliingia katika tenzi kuu ya taifa iliyochapishwa kati ya 1857 na 1861, wakati Salme wetu yuko kijana Unguja, na baada ya hapo wazazi wakaanza kuwapa mabinti jina hilo. Mwigizaji Salme Reek alizaliwa 1907, mchezaji wa sataranji Salme Rootare 1913. Hao ni wa kizazi ambacho jina lilipendwa. Leo kwao nako linasikika zaidi kama jina la bibi. Kuna pia kijiji cha Salme katika kisiwa cha Saaremaa, ambako merikebu mbili za karne ya 8 zilifukuliwa baada ya kugunduliwa 2008 na 2010, kwa hiyo usishangae ukilitafuta jina mtandaoni ukaletewa merikebu kabla ya binti wa Sayyid Said.

Selma ni habari nyingine tena. Kwa Waturuki na Wabosnia ni Salma wa Kiarabu. Kwa Wasweden na Wajerumani lilienea kupitia mashairi ya Kiskoti ya karne ya 18, ambamo Selma ni jina la kasri. Ndilo jina la Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1909. Familia zetu zilizoko Ulaya zinaposikia watoto wao wa kike wakiitwa Selma shuleni, zijue kwamba mwalimu analivuta jina kwenye alilolizoea, kama karani wetu anavyolivuta kwenye Salma.

Kwa Zanzibar, Salma utampata karibu katika kila mtaa. Salme ni wachache, na walio wengi kati ya wale ninaokutana nao kazini walipewa jina na mtu aliyesoma habari za Sayyida Salme au kusimuliwa, si kwa kurithi kutoka kwa bibi. Katika familia nyingine huitwa Salme nyumbani na kuandikwa Salma au Salima kwenye makaratasi, na hapo ndipo matatizo huanza.

Kwa anayetaka kumpa mtoto jina hili, liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na umkabidhi anayejaza fomu ya kizazi, usiliseme tu kwa mdomo. Kabla ya kuondoka dirishani, soma herufi moja moja, maana kusahihisha siku hiyo ni rahisi kuliko kusahihisha mtoto akifika kidato cha nne. Hakikisha kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na fomu ya kuandikishwa shule vinafanana. Kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima na ana Salma kwenye cheti kimoja na Salme kwenye kingine, mamlaka za usajili zina utaratibu wa kusahihisha kumbukumbu au kusajili hati ya kubadili jina. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, na uende na cheti cha zamani kuliko vyote ulicho nacho. Ukitaka kuliandika kwa herufi za Kiarabu, andika سالمة kama wanavyomwandika Sayyida mwenyewe, kisha lisome Salme.